Sentimita Nane

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Ukilifungua kwa mbele utakuta vifua, viuno na mabega ya nusu ya wanawake wa Tseikuru, na siri hizo sitazitoa hata nikiitwa kortini. Leo nimeligeuza na kuanza kuandika kwa nyuma, kwa sababu nimekasirika na sina wa kumwambia. Muindi, mume wangu, yuko mnadani na mbuzi zake, na hata angekuwa hapa angesema tu, "Itakuwa sawa, Mama Mwende." Kwa Muindi kila kitu kitakuwa sawa. Nyumba ikishika moto, itakuwa sawa.

Asubuhi amekuja msichana mmoja na kopo la rangi nyekundu. Buti, kofia pana, faili kwapani. Jina lake Kanyiva, mtu wa Mukuyuni kule Makueni, afisa mpya wa mipango ya mji. Amepima mbele ya kila duka katika safu yetu, maduka saba, bila kusema mengi. Alipofika kwangu amechora msalaba kwenye nguzo zangu mbili za veranda, kisha akachora mwingine kwenye tangi langu la maji. Tangi sasa lina alama kama mbuzi aliyekwisha kununuliwa.

Ameniachia karatasi. Inasema kwamba kutoka ukuta wa duka mpaka mtaro wa barabara ni njia ya watu wa miguu. Paa la duka linaruhusiwa kutokeza juu ya njia hiyo mita moja na nusu, basi, na lishikiliwe na ukuta wenyewe. Chini yake kusisimame kitu: si nguzo, si ngazi, si jukwaa, si tangi. Paa la veranda yangu, kwa hesabu yake, limezidi sentimita nane. Nina mpaka tarehe kumi na tano Novemba kuzikata hizo nane na kuondoa vyote vilivyo chini.

Novemba! Mvua yetu ya maana ni moja kwa mwaka, na Novemba ndio mwezi wake. Paa la veranda ndilo linalojaza tangi, na maji ya tangi ndiyo tunayokunywa mpaka Machi. Nikilitoa sasa, Januari itanikuta nikichimba mchanga wa mto mkavu pamoja na punda. Sijachimba kwa miaka kumi na moja, tangu Muindi ajenge veranda ile, na magoti haya hayarudi huko.

Jumanne, 8 Oktoba

Jua. Nimeshona sare nne za kwaya. Msichana wa rangi amepita akasema, "Habari ya asubuhi, mama." Sikumjibu, nilikuwa na pini mdomoni. Zilikuwa pini mbili tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimemweza!

Usiku uliopita nimekumbuka jambo. Muindi alipojenga veranda hakuwa na kipimo chochote ila tepu yangu ya cherehani. Aliushika mwanzo wake ukutani, akainyoosha, na pale ilipokomea akachimba mashimo ya nguzo. Sasa, tepu ya fundi wa nguo ina sentimita mia na hamsini, dunia nzima. Mita moja na nusu. Hizo nane za karatasi zimetoka wapi?

Nimengoja mpaka soko likajaa. Sugow, jirani yangu mwenye duka la vitambaa na sukari, alikuwa mlangoni. Mama yake, Bi Istahil, alikuwa kwenye kigoda chake na tasbihi. Ben wa kuchomea vyuma alikuwa ng'ambo ya barabara, miwani juu ya paji la uso. Kanyiva alipotokea nimemwita kwa sauti ambayo hata mbuzi waligeuka.

"Madam! Kuja hapa uone na macho yako. Si umesema hii yangu imepita?"

Nimeshika mwanzo wa tepu ukutani, Ben amevuta mwisho wake hadi ukingoni.

"Mia moja hamsini!" Ben akapaza sauti. "Haijapita hata kidogo!"

Watu wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Nami nikaendelea, maana nikianza huwa sijui kusimama. "Kama hii umekosea, basi zote umekosea. Nguzo, tangi, zote. Kalamu si ni moja?"

Kanyiva ameinama, ameishika tepu yangu katikati ya vidole viwili na kuitazama, kisha akaipapasa. Alitoa yake ya chuma mfukoni. Nilidhani ataivuta, lakini aliirudisha mfukoni bila kuifungua.

"Mama, naomba nirudi kesho asubuhi mapema. Tupime tena, mimi na wewe peke yetu."

"Ameshindwa!" mtu akasema nyuma, na Sugow akaniletea soda baridi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo, lakini nisipojiambia ukweli kwenye daftari langu mwenyewe nitajiambia wapi.

Amekuja saa moja, kabla Sugow hajafungua. Ameomba tepu yangu, akailaza juu ya meza ya kukatia, kisha akavuta ya chuma kando yake. Mia na hamsini yangu ilikomea kwenye mia na hamsini na nane yake.

"Imevutika," alisema polepole. "Hizi za kitambaa zinavutikanga na miaka. Si makosa yako."

Nilikaa. Sikufikiria veranda hata kidogo, nilifikiria mabibi harusi. Miaka ishirini na mbili ya mabibi harusi!

"Na nguo zangu?" nikauliza, na sauti ikanitoka kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Ziliwatosha?"

"Hakuna aliyerudisha."

"Unapima mtu na hii, na unakata kitambaa na hii hii?"

"Hii hii."

"Basi hakuna mahali umekosea, mama. Nyinyi wawili mnaelewana. Ni ukuta tu haujui hiyo lugha yenu."

Alisema hivyo bila kunicheka. Aliikunja tepu taratibu na kunirudishia kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa mkubwa wake kitu. Nikamwuliza kama atawaambia watu wa soko.

"Tepu ni yako. Mimi niambie watu nini?" Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini karatasi iko palepale, mama."

Jana angeweza kunivua nguo mbele ya soko zima. Alikuwa na kipimo mfukoni, tayari ameshajua, na watu walikuwa wanamzomea. Mimi nisingejizuia, najijua.

Jumanne, 15 Oktoba

Watu bado wananipongeza. Badala ya Ndunge wananiita Mama Tepu. Kanini mwenye hoteli ya pale mwisho, ambaye jukwaa lake la saruji limetoka mpaka ukingo wa mtaro, amekataa hata kupokea karatasi yake. "Kama alikosea kwa Ndunge, hata kwangu amekosea," alimwambia. Safu nzima imelishika neno hilo.

Nami nimenyamaza. Nimejaribu kuingiza uzi kwenye sindano mara tatu, umekataa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ofisi ndogo waliyompangishia Kanyiva ilikuwa na ngazi mbili zilizotokeza njiani. Leo watu wamesimama kutazama. Amefunga leso kiunoni, ameshika nyundo kubwa, na amezivunja mwenyewe kutoka juu mpaka chini. Halafu amepanga mawe ndani ya mlango ili kupanda kuanzie ndani. Hakuna aliyemtuma na hakualika mtu wa kupiga picha.

Muindi alikuwa akipita na mbuzi. Ameniambia jioni, "Huyo msichana anapiga nyundo vizuri." Kwa Muindi hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mawingu. Hakuna kitu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kanyiva ameniletea fomu. Nikiijaza, amesema, nitaongezewa muda mpaka mwisho wa Januari, mvua ipite na tangi lijae kwanza.

"Mimi natoka Mukuyuni," amesema. "Nimebeba maji na mgongo nikiwa darasa la tatu. Najua hii tangi ni nini."

Nimesoma fomu mbele yake. Ndani kuna mstari ambapo mwenye duka anaandika kwa mkono wake kwamba paa limezidi, na kwa kiasi gani. Nimeiona ile nafasi tupu inayongoja sentimita nane, na kalamu imenishinda. Fomu hubandikwa ukutani pale ofisini watu wote wasome. Nimemwambia nitaifikiria. Ameniangalia, akasema "Sawa, mama," akaenda zake juani.

Nimeiweka hapa, katikati ya kurasa hizi. Mimi ni mwanamke mjinga mwenye kiburi, na nimeandika hivyo kwa wino.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kwenye hoteli ya Kanini wamempa Kanyiva jina, wanamwita Sentimita. Leo alipoingia kunywa chai mtu mmoja alisimama na kumpima kikombe chake kwa kijiti, hoteli ikacheka. Aliinywa chai yote, akashukuru, akatoka. Nilikuwa pale nikinywa uji. Sentensi moja kutoka kinywani mwangu ingemaliza mchezo wote ule, lakini uji ndio uliopita kinywani.

Bi Istahil aliponiona nikirudi alinipungia fimbo yake. "Ndunge, huyo msichana ni mtu," alisema. "Amekaa na mimi kwa mkeka, ameniuliza ni wapi miguu yangu inaumia nikitembea. Hakuna mtu wa serikali ameniuliza habari ya miguu."

"Ulimwambia wapi?"

"Nilimwambia hapo kwa tangi yako. Hapo nashuka barabarani, halafu napanda tena." Akacheka na meno yake matatu.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua! Imetukuta kanisani. Mchungaji aliendelea kuhubiri lakini hakuna aliyemsikia kwa mabati, na hakuna aliyemlaumu Mungu kwa hilo. Nimetoka mbio kwenda kusafisha gata, ule mfereji wa ukingo wa paa. Maji yameshika pete ya tatu kati ya zile zinazolizunguka tangi. Nimeweka sikio kwenye ubavu wake kusikiliza maji yanavyoingia, na nilifurahi mpaka nikaimba.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua tena. Pete ya tano kati ya tisa.

Jumamosi, 9 Novemba



Leo ilikuwa siku ya soko la mbuzi. Saa sita hivi anga liliziba upande wa mto, na kabla watu hawajainua vichwa mvua ilishuka yote kwa pamoja. Mwenye kuwajua mbuzi anajua kwamba hawastahimili tone. Hukimbilia paa la karibu, na hawaangalii nani yuko njiani. Mamia ya mbuzi yalitoka mnadani na kuteremka barabara yetu yakitafuta veranda. Wa Muindi walikuwa humo.

Bi Istahil alikuwa akirudi kutoka msikitini. Kwenye njia ya miguu alikuwa salama, ukuta upande mmoja, fimbo upande wa pili. Akafika kwenye tangi langu. Pale hapana pa kupita. Alishuka barabarani kulizunguka, kama anavyofanya kila siku, kama alivyoniambia kwa mdomo wake anafanya kila siku, na mbuzi wakamkuta hapo hapo. Nilimwona. Nilikuwa kwenye cherehani, hatua nne kutoka kwake, nimelindwa na nguzo zangu mbili. Alianguka na mkono chini, na mbuzi wakapita juu yake mpaka wakaisha.

Nilifika mimi kwanza. Alikuwa kwenye maji ya tope, ushungi umemtoka kichwani, na neno la kwanza aliloniambia ni, "Nifunike, Ndunge, wanaume wananiona." Nikavua leso yangu nikamfunika. Kisha alifika Kanyiva, sijui alikuwa wapi, bila kofia, akapiga magoti kwenye tope lile na kuushika mkono uliovunjika kama mtu aliyesomea hiyo kazi. Aliufunga kwa rula yake ya mbao na mtandio wake mwenyewe. Alizungumza na Bi Istahil polepole muda wote, akimwuliza majina ya wajukuu mmoja mmoja ili asizimie. Walipomwinua kumpeleka hospitali Kanyiva alipanda gari pamoja naye. Alipita mbele yangu na mbele ya tangi langu lenye msalaba mwekundu. Hakulitazama tangi, wala hakunitazama mimi.

Mvua iliendelea. Gata langu liliimba, tangi likafika pete ya saba. Sikuweka sikio.

Jumapili, 10 Novemba

Mkono umevunjika mahali pawili na nyonga imeumia, lakini haikuvunjika. Atapona, wanasema. Nimekwenda kwa Sugow kuomba msamaha. Aliniletea kiti. "Ni mvua, Mama Mwende. Ni mbuzi. Ni mambo ya Mungu." Laiti angenitukana.

Nimemwambia Muindi kila kitu, habari ya tepu na fomu na hoteli. Alitazama nguzo alizozisimamisha kwa mikono yake. Nilingoja aseme itakuwa sawa.

"Toa hiyo tangi," alisema.

Jumanne, 12 Novemba

Nimewaita wenye maduka yote saba, na nimemwomba Kanyiva aje. Tumekutana mbele ya hoteli ya Kanini, saa nne, hadharani, kwa sababu nilimvunjia heshima hadharani na deni la namna hiyo halilipwi chumbani.

Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nimeanza na tepu. Nimeiweka juu ya meza na kumwambia Ben avute yake ya chuma kando. Ben alifika mwisho wa yangu, akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Mia moja hamsini na nane," alisema, safari hii bila kupaza sauti.

"Yangu ndiyo ilikosea," nikasema. "Huyu hakukosea. Alijua siku ile ile, akaficha aibu yangu, na mimi nimekaa mwezi mzima nikinyamaza huku mnamwita Sentimita. Kama ningesema, hii njia ingekuwa wazi, na Bi Istahil hangekuwa na plasta. Hiyo ndio nilikuwa nataka msikie."

Nilikuwa nikilia, sina haja ya kujificha. Ndipo Kanini akasema, "Ngoja kwanza. Kwa hivyo gauni yangu ya harusi ulishona na hiyo?"

"Na hiyo hiyo."

"Na ilinikaa vizuri hivyo?" Watu wakacheka, nami nikacheka na machozi yangu. Yule wa kijiti alikwenda kwa Kanyiva akamwomba radhi bila kuambiwa na mtu.

Kanyiva alisimama. Nilidhani atatuhubiria, lakini hakugusa hata moja ya yale. Aliniambia fomu yangu bado inakubalika, naweza kuingoja mvua ipite.

"Tangi inatoka kesho," nikasema.

"Mama, ina maji mpaka juu ya nusu. Na mvua bado."

"Najua ina nini."

Akafungua faili lake na kutoa mchoro. Alikuwa nao tangu Oktoba! Safu nzima ya maduka yetu kwa penseli, kila mlango umetambulika, hata kigoda cha Bi Istahil amekichora. Paa za maduka saba zimefika urefu mmoja, zimekatwa kwenye mita moja na nusu, zimeshikwa na vyuma vya pembe kutoka ukutani. Chini hakuna kitu, njia imenyooka kutoka hoteli mpaka kwangu. Kwenye ukingo wa paa zote saba kuna gata moja tu, refu, linaloteremka kidogo kidogo kuelekea duka langu kwa sababu ndilo la chini. Linaingia kwenye bomba la ukutani, linazunguka kona, linamwaga nyuma ya nyumba yangu. Hapo amechora duara, na ndani ya duara ameandika "Tangi la Mama Mwende na majirani."

"Sasa hivi kila mtu ana paa yake na urefu yake, na maji nyingi inapotea barabarani," alisema. "Zikiwa sawa, maduka saba yanajaza tangi moja. Nilikuwa nangoja tu mtu mmoja akubali kuanza."

Nimekutana na watu wengi wenye akili maishani. Wachache huwa na subira pia, na huyu ana umri wa binti yangu.

Jumatano, 13 Novemba

Tumegawa maji ya tangi kwa kila aliyekuwa na chombo, halafu tumelilaza chini tupu. Muindi amezing'oa nguzo zake mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aziguse.

Alhamisi, 14 Novemba hadi Jumanne, 19 Novemba

Mwethya, kazi ya pamoja ya majirani. Sikumbuki mara ya mwisho tulifanya mwethya mjini, watu wa maduka husema hiyo ni kazi ya watu wa mashamba. Tumeanzia kwa Kanini kwa sababu jukwaa lake ndilo gumu, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa duka lake mwenyewe kabla la jirani halijaisha. Langu limekuwa la mwisho. Wanawake tumevunja saruji na kubeba mawe, Ben amechomea vyuma mpaka macho yakawa mekundu, na Sugow na watu wa msikitini wamepika wali kila siku. Kanyiva amekuwa juu ya ngazi na kipande cha uzi na chupa ya maji, akisawazisha gata. Ben alimwuliza kama ana uhakika maji yatateremka kwa mwinamo mdogo hivyo. "Maji hayahitaji kusukumwa," alimjibu, "yanahitaji tu kujua njia."

Mvua imenyesha siku mbili katika hizo sita, mvua nzuri, na yote imekwenda mtaroni. Nimeona watu wakiitazama.

Jumatano, 20 Novemba

Imekwisha. Nimesimama mlangoni kwangu nikaona mlango wa hoteli ya Kanini bila kitu katikati. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hapa, sikujua kwamba unaweza kuonekana.

Cherehani yangu sasa iko ndani ya mlango. Mwanga ni mdogo kidogo, lakini nitazoea.

Jumapili, 24 Novemba

Jua. Tangi tupu.

Jumatano, 27 Novemba

Jua. Nimepiga tangi kwa ngumi, limelia kama ngoma.

Jumapili, 1 Desemba

Jua. Wazee kanisani wanasema mvua imekwisha, imerudi ilikotoka. Maduka saba yameniamini na sasa maduka saba hayana maji. Kanini amesema hilo kwa upole, na kwa Kanini upole ni jambo la kuogopesha. Kanyiva hulitazama anga kila asubuhi kisha huingia ofisini. Amekonda.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda mtoni kuchimba mchanga. Magoti yalikumbuka.

Nilimkuta Kanyiva huko na mtungi wake, amevua buti, amechimba mpaka kiwiko. Tumechota kwa zamu, yeye na kikombe, mimi na kibuyu, kisha akanitwika. "Kama haitanyesha," alisema, "mimi nitakuja hapa na wewe kila siku mpaka Machi. Hiyo si sheria, ni mimi."

Kama ana mama huko Mukuyuni, natamani kumwona huyo mama nimwambie asante.

Jumatano, 11 Desemba

Imeanza saa nane mchana, kwa upepo, kisha matone manene yanayoacha alama kwenye vumbi, halafu yote.

Nimekimbilia nyuma na kusimama karibu na tangi bila mwavuli. Hakuna kitu. Mabati yote saba yananguruma, na bomba langu kavu. Nikafikiria mwinamo ule mdogo, nikafikiria gata limevunjika huko kwa mtu fulani, nikafikiria uso wa Kanini. Kumbe maji yalikuwa yanatoka mbali, yalikuwa kwa Kanini, kwa wale wa katikati, kwa Sugow. Kwanza bomba lilikohoa. Likatema majani makavu na kiota cha ndege. Halafu maji yalikuja mazito kama mkono wa mtu, na hayakukatika.

Pete ya pili, ya nne, ya sita. Kwa mvua ile moja! Veranda yangu ya peke yangu ilihitaji mvua tatu. Muindi alitoka na koti kichwani, akaweka sikio kwenye ubavu wa tangi, na nilimwambia kabla hajafungua mdomo, "Usiseme!" Akasema.

Nilirudi dukani nimelowa, na hapo nimemwona Bi Istahil. Alikuwa ametoka mlangoni kwao, mkono kwenye plasta, fimbo kwenye mkono mwingine. Mvua ilikuwa inamwagika barabarani, mbuzi wamejibanza kando ya ukuta, na yeye anatembea katikati ya njia chini ya paa, mkavu, polepole. Alifika mahali palipokuwa na tangi. Mguu wake ulianza kushuka wenyewe, kwa mazoea. Akasimama. Akapapasa mbele kwa fimbo, kulia, kushoto, akakuta hakuna kitu. Akaendelea mpaka kwangu.

"Ndunge," alisema, "ile tangi yako ilikuwa na kiburi kama wewe. Sasa nyote mmekaa nyuma, ni vizuri."

Nimemkalisha kwenye kiti changu cha cherehani, nikambusu mkono ulio mzima.

Ijumaa, 13 Desemba

Watu wa safu nzima wamekuja kuchota. Tangi limejaa mpaka linamwaga.

Jioni kabla sijafunga amekuja Kanyiva. Anakwenda nyumbani Mukuyuni kwa Krismasi na hana gauni ila suruali za kazi. Nimemsimamisha katikati ya chumba. Kwenye meza kulikuwa na tepu mbili, mpya ambayo Ben ameninunulia na ile ya zamani, na nimeunyoosha mkono kwenye mpya.

"Hapana," alisema. "Nipime na ile nyingine."

Nimempima nayo, mabega, kifua, kiuno, urefu. Amesimama wima, mikono pembeni, mtu aliyepima mji mzima akikubali kupimwa. Kisha nimeligeuza daftari hili, nikafungua kwa mbele, na nikaandika jina lake pamoja na ya wengine.